Kamba Wadogo wa Tangi la Kioo: Kuwachagua na Kuwazalisha

Kamba wa maji baridi mwenye magando, ambaye wengine humwita krefishi, si mnyama wa asili wa Afrika bara. Madagaska wanao wa kwao. Kwetu, kila anayeonekana aliletwa au ni uzao wa walioletwa. Mlaji wa Kasulu au Kibondo hana budi kulijua hilo kabla ya kulipa, kwa kuwa mito ya wilaya hizi, Ruchugi ukiwamo, humwaga maji yake Malagarasi. Mto huo ndio unaolisha ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza ya Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, na huishia Ziwa Tanganyika.

Anayefaa kufugwa nyumbani ni mdogo wa jamii ya Cambarellus, ambaye asili yake ni Meksiko na kusini mwa Marekani. Akikomaa huwa na urefu wa sentimita 3 hadi 5, na hasumbui sana mimea wala samaki. Tatizo ni kwamba vifaranga vya aina zote hufanana, na muuzaji aweza kukuuzia kifaranga cha kamba mwekundu wa Louisiana, ambaye hupita sentimita 10, au cha kamba wa Australia, ambaye hupita 20. Huyo wa Louisiana alipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970; baadaye mimea ya chini ya maji ilipungua mno, na wavuvi wakaona nyavu na samaki wao wakiharibiwa. Yule wa Australia alitoroka katika mashamba ya kufugia huko Zambia, na leo yumo katika mto Kafue na Ziwa Kariba.

Kwa hiyo usikubali kuuziwa vifaranga pekee. Dai kuonyeshwa wazazi, na hasa jike lenye mayai chini ya mkia. Jike lisilozidi sentimita 5 ambalo tayari limebeba mayai ni ushahidi mzuri kuliko maneno yoyote ya dukani. Ukiambiwa kwamba mmoja tu atakuzalia bila dume, ondoka: huyo ni kamba wa marumaru, ambaye majike yake huzaa peke yao na ambaye ameenea sana Madagaska. Dai pia kuona kibali, maana kuingiza nchini viumbe maji hai kunasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ukiwa na shaka, muulize ofisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya kununua. Risiti uichukue hata kama bei ni ndogo. Bila hiyo ni vigumu kuthibitisha ulichouziwa.

Unafuu wa kamba hawa hautokani na bei yao tu. Dume mmoja na majike wawili au watatu wanatosha kuanzia, katika tangi la lita 40 lenye mfuniko, kwani hupanda mpira wa hewa na kutoroka. Hali ya hewa ya nyanda hizi za juu inawafaa, hivyo kifaa cha kupashia maji joto kwa kawaida hakihitajiki. Maji ya bomba yaache yakae wazi siku nzima kwanza. Weka vigae vya chungu kilichovunjika na majani makavu ya mpera. Humo hujificha wanapojivua gamba, wakati ambao miili yao ni laini na wenzao huweza kuwala. Gamba lililovuliwa usilitoe, hulila wenyewe. Walishe mchicha uliochemshwa bila chumvi na chakula kidogo cha samaki.

Adui asiyetarajiwa ni dawa ya wadudu. Dawa ya mbu inayopuliziwa chumbani huweza kuua tangi zima, kwa sababu kamba ana undugu wa karibu na wadudu. Siku ya kupulizia, hamishia tangi nje ya nyumba au chumba kingine kabisa.

Dume hutambulika kwa vimiguu vigumu vinavyoelekea mbele, kwenye mwanzo wa mkia upande wa chini, jike hana. Jike hubeba mayai 20 hadi 60 kwa muda wa wiki tatu au nne. Watoto huzaliwa wakiwa na umbo kamili, hung'ang'ania tumbo la mama siku chache, kisha hujitegemea. Mhamishie jike mwenye mayai katika chombo cha peke yake ukitaka watoto wengi wapone.

Watakapozidi, wagawie wafugaji wenzako wanaojua wanachopokea. Wasipopatikana, wagandishe kwenye friza kisha uwafukie. Maji ya tangi yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na mtaro, kisima na bwawa la samaki, kwa maana mtoto mdogo wa kamba huweza kupita humo bila kuonekana.