Pombe Kali na Vichanganyio Vyake: Mlaji Anachonunua na Anachokunywa

Somo hili linahusu bidhaa ambayo mlaji huichagua kwa ladha yake mwenyewe, na ambayo mara nyingi hainywi peke yake. Mmoja hupenda Konyagi kwa toniki na kipande cha ndimu. Mwingine huitaka na Stoney Tangawizi. Wapo wanaoitia katika maji ya dafu, na wapo wanaoamini kwamba wiski iliyotiwa chochote zaidi ya barafu imekwisha kuharibiwa. Katika ubishi huo hatuna la kuamua. Tunachoangalia ni kwamba kichanganyio hubadili ladha bila kupunguza kiasi cha pombe kilichomiminwa, na mara nyingi ndicho kinachomfanya mnywaji asitambue kiasi hicho.

Tuanze na lebo. Wiski hutokana na nafaka, brandi hutokana na divai, ramu hutokana na miwa au molasi, na jini ni pombe iliyotiwa harufu ya matunda ya mjuniperi. Konyagi, ingawa jina lake linaikumbusha konyaki ya Ufaransa, si brandi. Ni kinywaji cheupe kinachokaribiana na jini, chenye nguvu ya asilimia 35. Katika Umoja wa Ulaya, wiski haiuzwi kwa jina hilo ikiwa chini ya asilimia 40, na jini, vodka na ramu hazishuki chini ya 37.5. Mlaji asome pia maneno yanayotangulia jina. Chupa iliyoandikwa kwamba ni pombe “yenye ladha ya wiski” si chupa ya wiski, hata ikiwa rangi yake ni ile ile ya kahawia na picha yake ni ile ile ya pipa. Hakuna kosa kuinunua. Kosa ni kuilipia bei ya nyingine.

Asilimia iliyoandikwa huonyesha ni mililita ngapi za pombe halisi zilizomo katika kila mililita 100 za kinywaji. Chupa ndogo ya mililita 200 yenye asilimia 35, ambayo wengi huiona kama kitu cha kutia mfukoni, ina mililita 70 za pombe halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo aliyemaliza ile chupa ndogo amekunywa sawa na bia tatu kasoro kidogo. Sasa imimine chupa hiyo katika jagi, uongeze lita mbili za soda. Ukali utapungua kinywani, lakini zile mililita 70 zimo humo humo, na atakayelimaliza jagi peke yake amezinywa zote.

Msomaji ajipime: toti mbili za mililita 30 za jini yenye asilimia 40 zina pombe halisi kiasi gani? Jibu ni mililita 24, yaani karibu sawa na ile bia. Lakini jibu hili ni kweli pale tu toti inapopimwa. Anayemimina kwa kukadiria, nyumbani au baa, kwa kawaida huzidisha, na kichanganyio humfichia ziada hiyo. Mteja wa baa anaweza kuomba kinywaji chake kipimwe mbele ya macho yake. Hilo ni ombi la kawaida wala halina ukorofi ndani yake.

Kuhusu vichanganyio vyenyewe, sukari ndiyo inayofunika zaidi. Ule mchomo wa koo ni kengele, na utamu huifunga mdomo. Kinywaji kiitwacho Dawa, kilichopata umaarufu Nairobi kwa vodka, ndimu na asali, hunyweka kwa wepesi ambao vodka tupu haina. Na licha ya jina lake hakitibu kitu. Soda isiyo na sukari nayo ina hila yake: hutoka tumboni upesi kuliko yenye sukari, hivyo pombe huingia katika damu haraka zaidi. Anayekwepa sukari kwa ajili ya afya hana budi kulijua hilo.

Toniki ina uchungu wa kwinini, na bado tunakutana na watu wanaodhani inakinga malaria. Kwinini iliyomo ni kidogo mno kuliko dozi ya matibabu. Mwenye homa apimwe.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinahitaji tahadhari kubwa kuliko vyote. Kafeini huondoa usingizi, lakini haiondoi ulevi. Mnywaji hujiona yu macho, huongeza glasi nyingine, kisha hushika usukani. Mwezi Novemba 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watengenezaji wanne waliokuwa wakiuza pombe iliyokwisha kutiwa kafeini. Hapa kwetu mchanganyiko huo hufanywa na mnywaji mwenyewe mezani, mahali ambapo hakuna lebo ya kumwonya. Anayetumia dawa naye, hasa metronidazole, asome kwanza karatasi ya maelezo au amwulize mfamasia.

Limebaki la hatari zaidi. Methanoli, kemikali ya viwandani, haitambuliki kwa ladha wala kwa harufu ndani ya pombe, licha ya watu kujisifu kwamba ndimi zao hazidanganyiki. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya, na wengine wakapofuka, kwa pombe iliyokuwa na methanoli. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho, na dalili huweza kuchelewa kwa nusu siku au siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, kupumua kwa kasi, macho kuona ukungu. Mtu huyo asiachwe alale kwa kudhaniwa ana uchovu wa jana. Maziwa hayaiondoi sumu hiyo. Hospitali ina matibabu yake, na kila saa inayopotea ina gharama.

Tanzania ilipiga marufuku viroba vya plastiki tarehe 1 Machi 2017, na tangu 2019 chupa halali za pombe kali hubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki. Mnunuzi mwenye simu ya kisasa anaweza kuihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu. Kenya ipo Soma Label. Kagua kizibo kabla ya kulipa, na usikubali chupa iliyofunguliwa mbali na macho yako. Chupa tupu ya kinywaji cha bei kubwa ichanwe lebo kabla ya kutupwa, kwa maana waghushi huzitafuta chupa hizo kwa bidii.

Ukiitilia shaka pombe uliyonunua, acha kuinywa wala usiimwage. Hifadhi chupa na kilichobaki ndani yake, kizibo na risiti, andika jina la duka na saa uliyonunua, kisha uvilete vyote ofisini. Soda uliyochanganyia uilete pia, katika chombo chake.