Tupa Isiyo na Mpini

Katika pwani ya Kilwa, mafundi wa majahazi walitoboa mbao zao kwa keke tangu zamani za kale. Keke ina sehemu nne, na kila sehemu ina jina lake. Chuma kinachotoboa huitwa kekee. Mti uliotiwa chuma hicho huitwa msukano. Kipande cha juu akishikacho fundi huitwa jivu. Na ya nne ni uta, ambao kamba yake huzungushwa msukanoni. Fundi huvuta uta mbele na nyuma, na chuma huzunguka huku na huku. Fundi akichoka, chuma husimama. Akiumia kidole, mkono wenyewe huacha kuvuta, na keke hunyamaza saa ile ile. Kerezo la zamani nalo lilikwenda kwa uta vivyo hivyo. Nguvu yote ilitoka katika mkono wa mtu, kwa hiyo mkono ulipoogopa, chombo nacho kiliacha kazi.

Mtambo haukuumbwa hivyo. Katika pwani ya Lindi, mitambo mingi ilikuja kwa ajili ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai katika pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Baadaye kilimo hicho kilienea mpaka Kikwetu na Kitunda, karibu na mji wa Lindi. Jani la mkonge hutiwa katika korona, na humo gurudumu zito lenye visu butu hulipigapiga mpaka nyama yake iondoke, zibaki singa nyeupe. Pengine singa hunasa, na mfanyakazi huona kuwa ni jambo jepesi kuichomoa kwa kisu. Tena hudhani kuwa hakuna hatari, maana ukanda umekwisha kuondolewa. Lakini gurudumu lile huendelea kuzunguka kwa uzito wake, ingawa hakuna tena kinacholisukuma, na singa iliyonasa huvuta kisu, na kisu huvuta mkono.

Palipo na mitambo hapana budi pawe na karakana ya kuitengeneza. Katika misheni ya Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenedikto mwaka 1906 katika nchi ya bara ya Lindi, vijana wamefundishwa useremala na kazi za chuma. Kijana aingiapo karakana kwa mara ya kwanza huiogopa mashini kubwa, na hofu hiyo yamfaa. Tupa haiogopi, kwa kuwa ameiona tangu utoto.

Basi na tuseme kijana analainisha mhimili katika mashini ya kukereza. Mpini wa tupa yake umepasuka jana, na kazi iliyobaki ni ya dakika mbili tu. Aishika tupa vivyo hivyo, na ule msuka, yaani ncha nyembamba iliyokuwa ikiingia mpinini, sasa waelekea kiganja chake. Mashini yazunguka mara 400 kwa dakika. Mtu akishtuka, mkono wake huchukua kama robo ya sekunde kabla haujaondoka. Na katika muda huo chuma kimekwisha zunguka zaidi ya mara moja na nusu. Tupa ikigusa taya za kile kikamatio kinachokishika chuma, hurudishwa nyuma kwa nguvu zote za mashini, na msuka hupenya kiganja. Kipande cha mti chenye tundu, ambacho kijana angaliweza kukichonga kwa muda mfupi, kingaliuzuia.

Hata tupa yenye mpini ina namna yake ya kushikwa. Mtu mwingi hushika mpini kwa mkono wa kuume, na ncha kwa mkono wa kushoto. Mbele ya mashini ya kukereza desturi hiyo hugeuzwa, maana kikamatio kiko upande wa kushoto wa fundi, na mkono wa kushoto ukinyoshwa kushika ncha utapita juu ya taya zinazozunguka. Basi mpini hushikwa kwa kushoto, ncha kwa kuume. Mwanzoni mikono huona ugumu sana, na wengi hurudia desturi yao mwalimu akigeuka.

Ufunguo wa kikamatio nao usiachwe ndani yake hata kwa kitambo kidogo, kwa kuwa mzunguko wa kwanza huutupa kama jiwe la kombeo. Nyuzi za chuma zilizokatika ni kali kama wembe. Huondolewa kwa kulabu au brashi, mashini ikiwa imesimama. Kanzu na mikono mirefu haifai huko. Wala glavu hazifai, jambo ambalo huwashangaza wengi wanaodhani kuwa glavu hulinda mkono popote. Chuma kizungukacho kikishika ncha ya kidole cha glavu, huvuta mkono wote.

Mwaka 1950 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya viwanda, na mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria huagiza sehemu za hatari za mitambo zizungushiwe kinga. Kinga hiyo hufunika ukanda na magurudumu, lakini tupa, nyundo na ufunguo huingizwa na mtu mwenyewe.

Fundi aliyezoea keke akipewa keke ya umeme, huona kuwa amepewa chombo kile kile chenye mbio zaidi. Kwa keke ya uta aliweza kukanyaga kibao kwa mguu na kukitoboa, na chuma kikinasa, uta ulikataa kwenda. Keke ya umeme ikinasa haikatai. Kibao ndicho kinachoanza kuzunguka. Kwa hiyo kibao kidogo hufungwa kwanza katika jiriwa, hata kama tundu linalotakiwa ni moja tu.