Aliye Polepole Atangulie



Somo letu leo ni Mwanzo 33:12-14. Chukua Biblia yako usome kwanza, halafu twende pamoja Mlima Meru, ambako nilipanda na vijana wenzangu likizo iliyopita. Siku nne, kupanda na kushuka.

1. Msituni hakuna kwenda kivyako

Meru una zaidi ya mita 4,500, na uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kwenye Geti la Momela mnapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, na bila yeye hampandi. Sababu ni wanyama. Twiga na ngiri utawaona kule chini, mbega wanaruka juu ya miti, hao hawana shida. Wa kuogopwa ni nyati, hasa dume mzee aliyejitenga na kundi.

Sasa, askari ni mmoja. Kundi likikatika vipande viwili, kipande kimoja kinabaki bila ulinzi. Kwa hiyo alitoa agizo ambalo wenye miguu mepesi hawakulipenda: aliye polepole kuliko wote atembee mbele, nyuma ya askari tu, na sisi wengine tufuate mwendo wake.

2. Yakobo alipima mwendo kwa watoto

Esau alikuja na wanaume 400, akamwambia mdogo wake waondoke pamoja. Yakobo akaomba abaki nyuma. Watoto wake walikuwa bado wachanga, mifugo ilikuwa inanyonyesha, na kuiswaga kwa nguvu hata siku moja tu kungeiua. Akachagua kwenda taratibu, kwa mwendo wa watoto.

Wapo wanaosema alikuwa anamkwepa tu kaka yake. Inawezekana. Hata hivyo, sababu aliyoitoa ni ya mchungaji: safari hupangwa kwa kumwangalia aliye dhaifu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Darasani hilo linaeleweka haraka. Mlimani linamaanisha kupunguza hatua zako.

3. Yaliyotokea njiani

Aliyewekwa mbele alikuwa kijana mmoja wa parokia yetu, na mimi nilikuwa nyuma yake. Kati ya kituo cha Miriakamba na kile cha Saddle, siku ya pili, tulisimama mara nyingi sana. Katika kusimama huko ndipo aliponiambia kwamba tangu mama yake azikwe hajakanyaga kanisani, karibu mwaka mzima. Jamani, tulikuwa tunaishi mtaa mmoja! Kwaya ilimwona hayupo, jumuiya ikamwona hayupo, na ratiba ikaendelea.

Usiku wa kilele tulifika juu jua limeshachomoza nyuma ya Kilimanjaro. Picha ya mapambazuko tuliikosa, na wapo walionuna. Lakini tulifika wote. Huyo ndugu bado hajaanza kuja Misa. Ila simu zangu anapokea, na Jumapili iliyopita aliniuliza Misa ya pili inaanza saa ngapi.

4. Kwetu sisi

Vikundi vyetu vingi vinatembea kwa mwendo wa wenye nguvu: wenye sauti nzuri, wenye nauli, wasiokosa mkutano. Anayechelewa tunamwita mvivu. Soma Luka 24:13-35: wale wawili walikuwa wanaondoka Yerusalemu, wamekata tamaa, na Yesu mfufuka akatembea nao kwa mwendo wao, akauliza, akasikiliza, ndipo akafundisha. Hakuwasubiri Yerusalemu wajirudi wenyewe.

Jiulize wiki hii:
- Ni nani katika jumuiya yetu hajaonekana kwa muda mrefu, na nani amemfuata?
- Ratiba ya kikundi chetu imepangwa kwa kumwangalia nani?
- Je, mimi ndiye niliyechoka? Nimemwambia nani?

Tusali: Ee Yesu, uliyetembea na wanafunzi wenye huzuni njiani, utufundishe kupunguza mwendo kwa ajili ya wenzetu. Na siku tutakapochoka sisi, utupe wa kutusubiri. Amina.