SOMO LA 12: UPEPO, MAJI NA UVUVI WA ITUNGI

Tazama ramani ya Tanzania. Upande wa kusini-magharibi utaona ziwa refu na jembamba. Hilo ni Ziwa Nyasa. Karibu na ncha yake ya kaskazini, katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, ipo Itungi. Mashariki ya sehemu hiyo Milima ya Livingstone imesimama karibu kabisa na maji. Nyuma ya ufuko upo uwanda wa Kyela, ambako wakulima hulima mpunga na kakao. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupita katika uwanda huo na kumwaga maji yake ziwani.

Wakazi wengi wa Itungi, Matema na vijiji vingine vya mwambao huo ni wavuvi. Mvuvi hodari haendi ziwani kwa kubahatisha. Kabla ya kusukuma mtumbwi wake majini hujiuliza maswali matatu: Upepo unavuma kutoka wapi? Maji yana hali gani? Je, usiku huu kuna mbalamwezi? Katika somo hili utajifunza kwa nini majibu ya maswali hayo humsaidia kupata samaki, na pia kurudi nyumbani akiwa hai.

1. Ziwa si bahari

Mvuvi wa Bagamoyo au Kilwa huvua baharini, katika maji ya chumvi. Kila siku hutazama maji kujaa na kupwa. Maji yakipwa, hutembea kwa miguu mahali ambapo saa chache kabla mashua ilielea.

Maji ya Ziwa Nyasa ni maji baridi, yaani hayana chumvi kama ya bahari. Hayajai na kupwa kila siku kwa namna ya kuonekana. Hupanda polepole wakati wa masika na kushuka polepole wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mvuvi wa Itungi hawezi kuongozwa na maji kujaa na kupwa. Kiongozi wake mkuu ni upepo.

2. Upepo wa mchana na upepo wa usiku

Ukisimama ufukoni mchana wa jua kali, mara nyingi utasikia upepo ukitoka ziwani kuelekea nchi kavu. Ukisimama hapo hapo usiku wa manane, huenda ukasikia upepo ukitoka nchi kavu kuelekea ziwani. Kwa nini upepo hubadilika? Fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio la 1
Vifaa: makopo mawili yaliyo sawa, mchanga mkavu, maji na pimajoto.
(a) Jaza mchanga katika kopo la kwanza na maji katika kopo la pili.
(b) Yaweke makopo yote mawili juani kwa muda wa saa moja. Pima joto la juu la mchanga na la maji. Andika katika daftari lako.
(c) Yahamishie kivulini. Baada ya nusu saa pima tena.
Ni kopo lipi lililopata joto upesi? Ni lipi lililopoa upesi?

Utaona kwamba mchanga hupata joto upesi na hupoa upesi. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole. Nchi kavu ni kama kopo la mchanga, na ziwa ni kama kopo la maji. Mchana hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata joto, huwa nyepesi, nayo hupanda juu. Hewa ya ziwani, ambayo haina joto sana, huja kushika nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwani. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, kwa hiyo mambo hugeuka. Hewa baridi hushuka kutoka milimani, hupita uwandani na kwenda ziwani. Huo ndio upepo wa nchi kavu.

Mvuvi hutumia pepo hizi mbili. Usiku upepo wa nchi kavu humsukuma kuelekea mahali pa kuvulia. Mchana upepo wa ziwani humrudisha pwani. Lakini angalia jambo moja: upepo wa nchi kavu haujui kwamba mvuvi amechoka. Akilala mtumbwini bila nanga, anaweza kuamka akiwa mbali sana na ufuko.

3. Mwera

Upo upepo mwingine ulio na nguvu kuliko hizo mbili. Huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, hasa kuanzia mwezi wa Mei hadi Agosti. Katika miezi hiyo watu wa pwani ya bahari husema kwamba kusi inavuma. Wavuvi wa Ziwa Nyasa huuita upepo wao mwera.

Mawimbi hukua kwa sababu tatu: nguvu ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na umbali wa maji ambao upepo umepita juu yake. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilometa 560 hivi kutoka kusini hadi kaskazini. Itungi iko karibu na ncha ya kaskazini. Mwera ukivuma kutoka kusini hupita juu ya maji mengi bila kuzuiwa na kitu. Milima iliyo kando ya ziwa nayo huubana kama kuta za ujia. Kwa hiyo mawimbi yanayofika Itungi huwa makubwa, hata yanaweza kuujaza mtumbwi maji kwa muda mfupi.

Je, mwera ni adui wa mvuvi? Usijibu bado. Kwanza tutazame yaliyo chini ya maji.

4. Matabaka ya maji

Jaribio la 2
Vifaa: bilauri ya kioo, maji baridi ya mtungini, maji ya vuguvugu, wino, jani pana, na bomba la jani la mpapai. (Mitungi ya udongo, kama ile inayofinyangwa Ikombe karibu na Matema, hupoza maji vizuri.)
(a) Tia matone machache ya wino katika maji baridi. Mimina maji hayo mpaka nusu ya bilauri.
(b) Laza jani juu ya maji. Mimina maji ya vuguvugu polepole sana juu ya jani hilo, kisha liondoe taratibu. Maji ya rangi yako wapi?
(c) Kwa kutumia bomba la jani la mpapai, puliza uso wa maji polepole. Kisha puliza kwa nguvu na kwa muda mrefu. Rangi inafanya nini?

Maji ya vuguvugu ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu. Maji baridi ni mazito, kwa hiyo hukaa chini. Ukipuliza kwa nguvu, rangi ya chini huanza kupanda.

Ziwa Nyasa nalo lina matabaka. Wakati wa joto maji ya juu hufikia kiasi cha nyuzi 28 za Sentigredi, na maji ya chini kabisa hubaki karibu na nyuzi 23. Mahali penye kina kirefu kuliko pote pana meta 700 hivi. Lakini chini ya meta 250 hivi hakuna oksijeni, na samaki hawawezi kuishi huko. Samaki wote wa ziwa hili, ambao ni mamia ya aina, huishi katika tabaka la juu.

Mimea na viumbe vya majini vikifa huzama na kuoza. Virutubisho, yaani mbolea ya maji, hukusanyika chini, mahali ambapo mimea ya majini haiwezi kuvifikia kwa kuwa hakuna mwanga. Ndipo mwera unapofanya kazi yake. Hupoza maji ya juu na kuyasukuma kuelekea kaskazini. Upande wa kusini maji ya chini hupanda kushika nafasi yake. Mwera hauwezi kulivuruga ziwa lote mpaka chini, lakini huinua sehemu ya mbolea hiyo na kuileta kwenye mwanga.

Mbolea ikifika juu, mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho huongezeka. Wadudu wadogo wa majini huila mimea hiyo. Usipa huwala wadudu hao. Mbasa na samaki wengine wakubwa huwala usipa. Mwishoni mtu humla usipa na mbasa.

Wakati mwingine utaona kama moshi mrefu umesimama juu ya ziwa, ingawa hakuna moto. Huo si moshi. Ni makundi ya nzi wadogo wa ziwani waitwao kungu. Walipokuwa wachanga waliishi majini, nao walikula wadudu wale wale wadogo. Upepo ukiwaleta pwani, watu huwakusanya, huwaponda na kuwapika wawe kitoweo.

Sasa unaweza kujibu swali letu. Upepo ule ule unaomtisha mvuvi ndio unaowalisha samaki wake. Mvuvi mwenye akili hauchukii mwera, wala haushindanii. Huusubiri utulie.

5. Usiku wa giza

Usipa ni samaki wadogo wembamba. Wengi wao huishi mwaka mmoja tu. Kwa hiyo mwaka mmoja wanaweza kuwa wengi sana, na mwaka unaofuata wakawa haba.

Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani wavuvi walitumia karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri au za nguvu ya jua. Wadudu wa majini huufuata mwanga, na usipa huwafuata wadudu. Kundi likisha kukusanyika chini ya taa, wavuvi hulizingira kwa wavu.

Mbalamwezi ikiwaka, ziwa lote hupata mwanga, na taa ya mvuvi huwa kama mshumaa uliowashwa mchana. Usipa hawakusanyiki. Ndiyo maana mvuvi huhesabu siku za mwezi. Katika siku za giza huvua usipa. Katika siku za mwezi mpevu hushona nyavu zake au hutega samaki wa aina nyingine.

6. Maji ya mvua

Kyela hupata mvua nyingi sana, hasa kati ya Machi na Mei. Mito hufurika, na maji karibu na midomo yake hugeuka rangi ya udongo. Mchanga unaoletwa na mito hiyo umepunguza hata kina cha maji katika bandari ya Itungi.

Wakati wa mvua mbasa huacha ziwa na kupanda mitoni ili wakatage mayai penye changarawe. Mvuvi anajua kwamba watapita mdomo wa mto, naye huona ni rahisi kuuziba kwa wavu toka ukingo hadi ukingo. Akifanya hivyo atapata samaki wengi leo, lakini hakuna mbasa atakayefika penye changarawe, wala hakutakuwa na vifaranga. Mbasa wa Ziwa Nyasa wamepungua sana, na kuwavua wanapokwenda kutaga ni sababu mojawapo.

Perege hutaga kwa njia nyingine. Hutengeneza viota katika mchanga wa maji mafupi. Kisha mama huyachukua mayai kinywani, na hata vifaranga wakiona hatari hukimbilia humo. Ukimvua mama huyo, umevua pia watoto wake wote. Kokoro, yaani wavu unaoburutwa mpaka pwani, huharibu viota na kuzoa wakubwa kwa wadogo. Kwa sababu hiyo sheria za uvuvi za Tanzania zinakataza kokoro katika maziwa, pamoja na sumu na baruti.

7. Kurudi salama

Samaki wa leo wanaweza kuvuliwa kesho, lakini mvuvi aliyezama harudi. Shika kanuni hizi:

(a) Sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kwenda ziwani.
(b) Ukiona mstari mweusi unasogea juu ya maji kutoka kusini, upepo unakuja. Rudi mara moja, hata kama nyavu zimejaa.
(c) Elekeza sehemu ya mbele ya mtumbwi kwenye mawimbi. Mawimbi yakiupiga ubavuni, mtumbwi hupinduka.
(d) Vaa kizibao cha kujiokolea. Mtumbwi ukipinduka, ushikilie. Usijaribu kuogelea peke yako mpaka pwani.
(e) Usioge wala kuteka maji penye mdomo wa mto. Mamba hupenda mahali hapo.

Mambo ya kukumbuka

Nchi kavu hupata joto na kupoa upesi kuliko maji. Kwa hiyo upepo wa mchana na wa usiku hutofautiana. Mwera huleta mawimbi makubwa Itungi, lakini pia huinua mbolea inayowalisha samaki. Usipa huvuliwa usiku wa giza. Samaki wanaotaga waachwe watage.

Maswali

1. Kwa nini upepo wa ziwani huvuma mchana?
2. Taja sababu tatu zinazofanya mawimbi yawe makubwa. Ni ipi inayohusu umbo la Ziwa Nyasa?
3. Kwa nini hakuna samaki chini kabisa ya Ziwa Nyasa?
4. Panga kwa utaratibu wa kulana: mbasa, mimea midogo ya majini, mtu, usipa, wadudu wadogo wa majini.
5. Mvuvi mmoja alisema, "Kama mwera usingevuma kabisa, tungekuwa matajiri." Je, alisema kweli? Eleza.
6. Kazi ya kufanya: Kwa siku 28 andika kila asubuhi upepo unatoka wapi, na kila usiku chora umbo la mwezi. Waulize wauza samaki kama usipa au dagaa wamekuwa wengi au wachache. Linganisha habari zako na za wenzako darasani.