Wito wa mfumo usiovunja programu za zamani

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa informatiki, Nyawera, Bukavu. Tunaandika kerneli ndogo ya kujifunzia. Tufanyeje ili miito yake ya mfumo isivunje programu za zamani tukiongeza mambo mapya?

JIBU: Wadogo zangu, kwanza wekeni nafasi ya bendera katika kila wito, hata kama leo hamna bendera yoyote. Linux ilikosa hilo kwenye pipe na renameat, ikalazimika kuongeza pipe2 mwaka 2008 na renameat2 mwaka 2014.

Pili, bendera isiyojulikana ikataeni papo hapo kwa kosa la EINVAL. Wito wa open huipuuza, kwa hiyo ni hatari kuipa biti yake maana mpya: huenda kuna programu inayoituma tayari. Wito wa openat2, ulioingia katika Linux 5.6 mwaka 2020, huikataa.

Tatu, vigezo vikiwa vingi, vipangeni katika muundo mmoja na mpokee pia ukubwa wake. Ukubwa huo ukipungua kuliko ule kerneli inaoujua, kerneli ijaze sifuri mahali palipokosekana. Ukizidi, ikague baiti za ziada. Zikiwa sifuri zote, iendelee. La sivyo, irudishe kosa la E2BIG. Kwa hiyo sifuri imaanishe daima tabia ya zamani.

Yajaribuni haya kabla ya toleo la kwanza. Programu ya mtu ikishategemea wito wenu, kuulinda ni wajibu wenu.