Sanduku la sauti la biro na taa yake nyekundu



Katika namba iliyopita tuliahidi fundisho juu ya kazi ya biro. Wengi walifikiri tutaandika juu ya kupanga barua katika klaseri. Hiyo tutaiandika siku nyingine. Leo tunaandika juu ya sanduku la sauti, lile ambalo katika kozi ya biro linaitwa bwate vokale. Muhula uliopita sisi watatu wa mwaka wa mwisho, dwayeni na wenzake wawili wa komersiale, tulipewa kulitunza wakati mama sekretere alikuwa katika kongé ya kuzaa. Tulijifunza namna linavyotengenezwa. Tulijifunza tena jambo lingine ambalo tutalisema hapa chini, hata kama linatupatisha haya.

Sanduku la sauti ni nini? Mtu anaita telefone ya biro, na hakuna wa kujibu, ama telefone iko na mtu mwingine. Masini inapokea pahali pa mtu, inasema maneno yaliyowekwa mbele, inapiga mlio mmoja, kisha inashika sauti ya yule aliyeita. Baadaye mwenye biro anafungua kwa kode na kusikiliza. Msichanganye na sauti tunazotumiana katika WhatsApp. Kule mwenye kutuma anajua anatuma sauti, tena anaona alama wakati mwenzake amesikiliza. Katika biro ni tofauti: alitafuta mtu, akapata masini. Alama haiko. Anakata telefone na kwenda zake akiamini kama mtu atasikia.

Mawazo haya si ya jana. Mwaka wa 1898 fundi mmoja wa Denmark, Valdemar Poulsen, alitengeneza masini ya kushika sauti juu ya uzi wa chuma, na mwaka wa 1900 aliionyesha Paris katika maonyesho makubwa ya dunia. Tangu mwanzo alikuwa anafikiri juu ya telefone isiyo na mtu wa kuijibu. Nyuma yake zilikuja masini za kaseti. Lakini sanduku la biro kama lilivyo leo, kila mtu na sehemu yake na kode yake, lilitoka Texas kule Marekani, kwa Gordon Matthews, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1983.

Masanduku ni ya namna mbili, na ni lazima ujue lako ni lipi. La kwanza liko kwa kampuni ya telefone. Ukizima telefone yako, lenyewe linaendelea kupokea, maana haliko kwako. La pili liko ndani ya biro, katika kompyuta. Letu ni la pili: kompyuta ndogo yenye programu Asterisk, ambayo hailipishwi, na pembeni kisanduku chenye karte ya SIM kinachounganisha telefone ya meza na mtandao. Umeme ukikatika na batri ya sola ikiisha, sanduku letu nalo limekufa. Wazazi wengine walitulaumu kwa mesaji ambazo hazikuingia kamwe, na hapo hatukuwa na kosa.

Sasa kazi yenyewe. Ukae mbele ya telefone ya biro, uite *97. Masini inaomba kode. Uiandike, kisha #. Kode ya kwanza anakupa fundi, na mara nyingi ni namba ile ile ya telefone ya ndani: telefone ni 201, kode nayo ni 201. Hapo usisikilize kitu bado. Finya 0, kisha 5, uweke kode yako, wala isiwe 1234 wala mwaka wako wa kuzaliwa. Mnaweza kusema: nani atataka kusikiliza mesaji za masomo yetu? Kule Uingereza walifikiri vile vile. Watu wa gazeti News of the World waliingia katika masanduku ya sauti ya watu wengi, na mara nyingi ilikuwa rahisi kwa sababu mwenye sanduku hakuwa amebadilisha kode ya kwanza. Mwandishi mmoja na mpelelezi wake walitiwa gerezani mwaka wa 2007, na Julai 2011 gazeti lenyewe lilifungwa, nalo lilikuwa linatoka tangu mwaka wa 1843. Katika sanduku letu wazazi wanasema magonjwa ya watoto, madeni ya minervale, hata mambo ya nyumba yao. Si ya kusikilizwa na kila mtu anayepita.

Lakini kode iandikwe, iwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, katika kabati ya papa prefe. Mtu mmoja akiijua peke yake, siku ile anaumwa malaria biro yote inabaki kiziwi.

Nyuma ya kode, maneno ya kupokea. Finya 0, kisha 1, useme, umalize na #. Masini inakuuliza: 1 kukubali, 2 kujisikiliza, 3 kusema upya. Sisi tulifinya 3 mara kumi na moja, mara mbili sababu ya jogoo wa mlinzi. Usipoweka maneno yako, masini inasema yake: sauti ya mama mmoja katika Kiingereza. Siku za kwanza biro yetu ilikuwa inajibu hivyo. Papa mmoja alitoka kwake kwa miguu kuja kuuliza kama masomo yameuzwa.

Maneno haya yawe mafupi, na sababu ni feza. Wakati telefone inalia tu, mwenye kuita halipi kitu. Masini ikijibu, kwa kampuni ni sawa na mtu amejibu, na inite zinaanza kutoka. Ndiyo maana kwetu watu wengi wakisikia masini wanakata palepale. Maneno yetu ya kwanza yalikuwa ya sekunde arobaini na tano: salamu, shukrani, saa za kazi, hata tarehe ya mwisho ya minervale. Tulijisikia watu wakubwa sana. Lakini mama mwenye inite za dakika moja alibaki na sekunde kumi na tano za kueleza namna mtoto wake anavyoumwa. Tulifuta yote, tukaweka haya, Kiswahili kwanza na Kifransa nyuma:

«Hapa ni biro ya masomo. Hakuna mtu karibu na telefone. Nyuma ya mlio, useme jina lako, jina la mwanafunzi, na namba ya kukuita. Tunasikiliza kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi na saa nane.»

Mwenzetu mmoja alipenda kuongeza «tutakuita mara moja». Mwalimu wa komersiale alikataa. Alisema masini isiahidi kitu ambacho ninyi wenyewe hamjaandika katika ratiba yenu.

Wazee wengi hawajui kama wanasema na masini, na hapo hakuna dawa ila uvumilivu. Kuna mesaji moja ya bibi fulani: «Allô? Allô? Weye mtoto, mbona unasema peke yako, haunisikilize?» Anangoja. «Allô? Basi, nitakuja mwenyewe.» Na kweli alikuja, na mihogo.

Kusikiliza ni rahisi. Finya 1 kwa mesaji mpya, 5 kurudia, 6 kwenda kwa inayofuata, 7 kufuta, 9 kuiweka. Ukifinya 3 na tena 3, masini inakuambia siku, saa na namba iliyoita. Kila mesaji iandikwe katika kaye: siku, saa, nani ameita, juu ya nani, namba, na nani amepewa habari. Usifute mbele ya kuandika. Mesaji mpya ikiwamo, taa nyekundu ya telefone inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mpaka imesikilizwa.

Juma la kwanza tulifanya hivyo sawasawa. Kaye ilikuwa safi, hata papa prefe aliisifu mbele ya walimu. Juma la pili kulikuwa majaribio ya Egzameni ya Serikali, na mechi na masomo ya jirani. Mesaji zilikuwa nyingi, na nyingi hazikuwa na kitu: mtu anapumua, anakata, pikipiki, allô, allô. Tulianza kwenda mara moja kwa siku, kisha tukaacha siku moja. Taa iliendelea kuwaka. Tulikuwa tunaingia ndani ya biro kutwaa chaki, tunaiona, tunasema: ni zile za allô. Kwa siku chache macho yetu yaliizoea kama msumari katika ukuta.

Siku ya tatu, nyuma ya masomo, tuliketi kusikiliza zote. Kulikuwa mesaji kumi na nne. Ya sita iliingia siku ya posho, saa tatu asubuhi. Ilikuwa sauti ya papa mmoja, akisema polepole, jina lake kwanza, jina la mwanafunzi nyuma, kama tulivyomwomba. Alisema koko wa mtoto amekufa usiku. Mtoto ni mdogo wetu wa interna, wa mwaka wa kwanza, na yule koko ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kunyonya. Alisema: «Mumtume. Tutamngoja mpaka siku ya kwanza, saa sita.»

Siku ya kwanza ilikuwa imepita tangu siku mbili.

Tulifinya 3 na 3, tukaita namba ile. Alijibu mwenye kibanda cha telefone katika soko. «Watu wanaita hapa kila siku, nitamjua namna gani?» Maana masini inashika namba ya telefone, haijui mtu. Yule papa alikuwa ametaja namba nyingine katika mesaji, lakini aliisema mara moja tu, na pikipiki ilipita juu ya hesabu mbili za mwisho. Tulimpata jioni tu, kwa njia ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetoka mji ule. Walikuwa wamezika siku ya kwanza, saa nane. Walingoja saa mbili zaidi.

Papa prefe hakutupiga makelele. Alisema tu kwamba sisi wenyewe ndio tutamwambia mtoto. Tulikwenda katika dortwari pamoja na mwangalizi wa interna. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi njiani. Mtoto alisikiliza, kisha akauliza: «Walinigoja mpaka saa ngapi?» Tulijibu saa nane. Hakuuliza kitu kingine.

Tangu hapo kazi imepangwa vingine. Wawili wanaandika jina katika kaye kila siku: mmoja anasikiliza, wa pili anaangalia kama taa imezimika ndipo anatia sahihi. Fundi aliweka pia katika programu mstari unaoitwa minsecs, na hesabu 3: mesaji isiyofika sekunde tatu haishikwi, kwa hiyo zile za kukata palepale haziwashi taa tena bure. Ilikuwa kazi ya dakika tano, na tungeliiomba tangu mwanzo kama tungeliuliza kwa nini taa inawaka sana, pahali pa kuizoea.

Tena siku ya posho na siku ya Mungu haziachwi kwa masini. Siku ya tano jioni karte ya SIM inatiwa katika telefone ndogo, inaandikwa **21*, namba ya mwangalizi wa interna, kisha #, na unafinya kuita; kila anayeita biro anampata yeye. Siku ya kwanza asubuhi inaondolewa kwa ##21#, na karte inarudi pahali pake. Mjue kwamba kipande cha pili cha njia, toka biro mpaka kwa mwangalizi, kinalipwa na inite za biro. Ekonome alilalamika kidogo. Papa prefe alimpa kaye asome ukurasa wa siku ile, na alitia sahihi.

Kongé ikifika, wadogo wetu, muwafundishe wazazi wenu nyumbani: jina kwanza, jina la mtoto, kisha namba, polepole, mara mbili, na kama unaita kwa telefone ya mtu mwingine useme hivyo. Musiwaambie tu kwamba kuko masini. Muwaonyeshe na telefone mkononi, mara moja inatosha.

Mesaji ile tuliiacha katika sanduku muda wa siku kumi bila kuigusa, hatukujua tuifanye nini. Kisha mdogo wetu alikuja kwenye mlango wa biro saa nane, wakati wa kusikiliza, akaomba asikie sauti ya mjomba wake. Tulimpa kiti na telefone. Alisikiliza mara mbili, akauliza kama itafutwa. Ukifinya 9, masini inauliza unataka kuiweka katika sehemu gani: 1 za zamani, 2 za kazi, 3 za jamaa, 4 za rafiki. Alifinya 3 yeye mwenyewe.

Dwayeni wa wanafunzi na wenzake wawili,
mwaka wa mwisho, komersiale