Neno la Imani na Kidonge cha Jioni



Hapa kwetu Kilimanjaro watu wanajua tangu zamani uzito wa neno lililotamkwa. Aliyemkosea mwenzake haendi kwake mikono mitupu. Hushika jani la sale, na aliyekosewa akiliona hujua kwamba anaombwa neno moja tu: nimekusamehe. Mzee akiwa mgonjwa kitandani, watoto waliotawanyika Dar es Salaam na Nairobi hupanda basi kuja kupokea baraka yake, na yule aliyekosana naye hana usingizi.

Imani yetu nayo inatufundisha kuheshimu neno. Kitabu cha Mwanzo kinamwonyesha Mungu akiumba kwa kusema. Katika kila Misa, kabla ya Komunyo, tunarudia imani ya yule akida wa Kapernaumu, aliyeamini kwamba Yesu hana haja ya kufika nyumbani kwake, kwani neno lake peke yake lingetosha kumponya mtumishi (Mt 8:5-13). Naye Mtume Yakobo anatuonya kwamba ulimi ule ule hubariki na kulaani.

Basi leo tujiulize: neno hili lenye nguvu likimfikia mgonjwa, litumikeje ili limsaidie wala lisimwangamize? Tutajifunza kwa kutazama ugonjwa mmoja unaofichwa sana majumbani, yaani kifafa.

Ugonjwa ambao hata jina lake linatisha

Anayesikia neno kifafa husikia ndani yake kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, huko Ulanga, mahali penye misheni ya Kikatoliki. Aliwakuta wagonjwa wanaokula peke yao kwa vyombo vyao, wenye makovu ya moto, kwa sababu watu waliamini kwamba mate ya aliyeanguka yanaambukiza. Walipopata dawa, wengi waliacha kuanguka au walianguka mara chache.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, na umeme huo ukivurugika ghafla mtu hupoteza fahamu, hukakamaa na kutikisika. Visababishi ni vingi: mtoto kuumia au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, na mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia kwa njia ya uchafu na kufanya uvimbe katika ubongo. Mara nyingine sababu haijulikani. Hauambukizi kwa mate wala kwa kumshika mgonjwa. Wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa, wakipata dawa inayofaa na kuimeza kila siku.

Asiyetumia dawa yumo hatarini kila saa. Huku mlimani tuna jiko la mafiga, tuna mapipa ya mbege yanayochemka, tuna mifereji ya maji inayopita migombani, na vijana hupanda miti kukata majani ya ng'ombe. Mtoto akianguka mahali hapo, dakika 2 zinatosha kumuua au kumlemaza.

Neno "umepona"

Tuchukue mfano wa familia moja, ambayo ingeweza kuwa ya jumuiya yoyote, iwe ya Kibosho, Uru, Kilema au Rombo. Binti yao wa miaka 12 humeza fenobabito kila jioni. Zamani alianguka karibu kila wiki, na sasa ana miezi 8 hajaanguka. Wanampeleka kwenye mkutano wa maombi. Mhubiri anamwekea mikono, anatangaza kwa sauti kuu kwamba amepona, kisha anaongeza kwamba akimeza dawa tena atakuwa amemkana Bwana. Jioni ile mama anavitupa vidonge chooni.

Jumatatu binti haanguki. Jumanne vivyo hivyo. Jumapili baba anasimama kutoa ushuhuda, na watu wanapiga vigelegele. Hawajui kwamba dawa ile haitoki mwilini kwa siku moja, bali hupungua kidogo kidogo kwa siku nyingi. Hawajui pia kwamba kifafa chenyewe huja na kuondoka, na kwamba wiki chache za utulivu si uthibitisho wa kupona.

Wiki ya tatu binti anaanguka karibu na moto. Safari hii mtikisiko haukatiki upesi kama zamani, bali mmoja unaunganisha na mwingine. Hali hiyo yaweza kuua, na anayenusurika anaweza kubaki na ubongo ulioharibika. Kuacha dawa ghafla ni mojawapo ya sababu kubwa za hali hiyo.

Halafu linakuja neno la pili, baya kuliko la kwanza. Familia inaambiwa kwamba imani yao ilikuwa haba. Kwa aibu hawarudi kwa mhubiri, na kwa aibu hawarudi kliniki.

Mambo ya namna hii tumeyaona. Mwaka 2011 maelfu ya watu, na wengi kutoka mikoa yetu ya kaskazini, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe walichoambiwa kinaponya magonjwa sugu. Wapo waliofia safarini na katika foleni, na wapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao. Na tarehe 1 Februari 2020, hapa hapa Moshi, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta waliyoambiwa yana upako. Tuwaombee marehemu hao, wala tusiwacheke. Walikuwa watu wenye shida waliotafuta msaada.

Yesu alifanyaje?

Tufungue Injili ya Marko, sura ya 9. Baba mmoja anamleta mwanawe anayeanguka, anayetoa povu na kukakamaa, ambaye mara nyingi ametupwa motoni na majini. Kabla ya kumponya, Yesu anauliza hali hiyo imeanza lini. Anasikiliza historia ya mgonjwa, kama tabibu mwema afanyavyo. Na baba yule anakiri waziwazi kwamba imani yake ina upungufu. Yesu hamfukuzi, wala hamlaumu mtoto. Mwana wa mtu mwenye imani ya nusu anapona.

Tuendelee. Huko Bethsaida (Mk 8:22-26) Yesu anamgusa kipofu, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Mtu yule anasema ukweli: anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Yesu hakumlazimisha atangaze kwamba amepona kabisa. Alimwekea mikono tena. Kwa hiyo kusema ukweli juu ya hali ya mwili wako si kukosa imani.

Tena, Yesu alipomtakasa mwenye ukoma, alimwagiza aende kujionyesha kwa kuhani (Mt 8:4), ambaye kwa sheria ya Musa ndiye aliyekuwa akiwachunguza wagonjwa wa ukoma. Kama Bwana mwenyewe alikubali uponyaji wake uchunguzwe, mhubiri gani atakataa? Ndiyo sababu huko Lourdes, Ufaransa, ipo ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883 ya kuchunguza wanaosema wamepona. Kati ya maelfu waliotoa taarifa, hadi mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limetambua miujiza 70 tu. Kanisa halina haraka ya kutangaza.

Kuhusu pepo, Katekisimu inafundisha (na. 1673) kwamba kabla ya kufanya upungaji mkubwa ni lazima kuhakikisha kwamba tatizo si ugonjwa, na kazi hiyo hufanywa na padre mwenye ruhusa ya Askofu. Na mwaka 2000 Vatikano ilitoa maelekezo juu ya sala za kuomba uponyaji, ikikumbusha kwamba sala haizuii matumizi ya dawa, bali inayahimiza. Ni mafundisho ya zamani: Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamwambia mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa maana Mungu ndiye aliyemuumba tabibu na aliyetoa dawa katika ardhi.

Je, sala haina kazi?

Ina kazi kubwa. Hofu huufanya moyo uende mbio na shinikizo la damu lipande, na maumivu huzidi. Neno la upole huituliza hofu. Kwa mwenye kifafa, mahangaiko na kukosa usingizi huweza kuamsha ugonjwa. Mzazi anayemwekea mtoto mkono kichwani jioni, akasali naye, akambariki, kisha akampa kidonge chake na kumlaza mapema, amefanya mambo mawili yasiyopingana.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimpeleke mgonjwa wa kifafa kwenye mkesha wa usiku kucha. Wala asiache dawa kwa ajili ya mfungo, kwani sheria ya Kanisa ya kufunga haimlazimishi mgonjwa.

Lipo pia neno ambalo Kanisa limelibadilisha kwa faida yetu. Wengi bado wanasema "mpako wa mwisho", na kwa hofu ya jina hilo wanamwita Padre mgonjwa akiwa hana fahamu tena. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na mwaka 1972 Papa Paulo VI akatoa utaratibu mpya. Sakramenti hii humpa mgonjwa nguvu, amani na moyo mkuu, na Mungu akipenda, afya ya mwili. Ni ya mtu aliye katika ugonjwa mzito, hata kama kifo hakijabisha hodi. Usimngojeshe.

Maneno ya kuacha na maneno ya kusema

Tuache kusema: "huyu kifafa", "amelogwa", "ni laana ya ukoo", "hataolewa". Mtoto anayesikia hayo kila siku hujificha, huacha shule, na wazazi huficha dawa.

Tuseme: "Ana ugonjwa unaotibika." "Umemeza dawa leo?" "Tutakusindikiza kliniki." "Njoo tule pamoja." Na kwa anayeamini amepona: "Bwana asifiwe. Twende kwa daktari akupime, na wakati tunangoja, endelea na dawa." Kwa kawaida daktari hufikiria kupunguza dawa mgonjwa akikaa miaka 2 bila kuanguka, na hupunguza polepole.

Mtu akianguka, fanya hivi:

1. Msogeze mbali na moto, maji na vitu vyenye ncha. Usiogope mate yake.
2. Mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa.
3. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Usimpe maji wala dawa mpaka fahamu zirudi kabisa.
4. Tazama saa. Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbize hospitali.
5. Akizinduka, liwe neno la upole litakalomfikia kwanza, kwani huwa amechoka na anaona aibu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yupo mgonjwa anayefichwa? Nani atamtembelea wiki hii?
2. Ni maneno gani tumezoea kuwaambia wagonjwa ambayo yanawaumiza?
3. Mtu akitoa ushuhuda wa kuponywa, tumsaidieje ili asiache dawa kabla ya kupimwa?

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Yule aliyemuuliza baba wa mtoto ugonjwa umeanza lini, atufundishe nasi kuuliza, kusikiliza, kisha kusema.